Je, Fedha Nazo Zina Ulimi?

Tarehe 21 Januari 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika shauri la Citizens United, jumuiya iliyotaka kuonesha kwenye televisheni filamu ya kumshutumu Hillary Clinton, aliyekuwa akiwania urais mwaka 2008. Majaji 5 dhidi ya 4 waliamua kwamba kampuni na vyama vya wafanyakazi visizuiwe kutumia fedha zao kumnadi au kumpinga mgombea, maadamu havishirikiani na mgombea yeyote. Kuzuia fedha hizo, walisema, ni kuzuia uhuru wa kusema.

Hoja yao si nyepesi, na insafu yatutaka tuitaje. Gazeti nalo ni mali ya kampuni. Serikali ikipewa rungu la kuinyamazisha kampuni leo, kesho itamnyamazisha mhariri. Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika hukumu, aliona pia kwamba matumizi yasiyoratibiwa na mgombea hayazai rushwa.

Pamoja na hayo, twaona kuwa walikosea. Kwanza, kusema ni jambo moja, na kununua vipaza sauti vyote vya mji ni jambo jingine. Pili, kampuni haipigi kura wala haina dhamiri, kama alivyobainisha Jaji John Paul Stevens katika kuipinga hukumu hiyo. Na fedha inazozitumia ni za wanahisa, ambao huenda hawakuulizwa. Tatu, mgombea hahitaji kukabidhiwa bahasha mkononi ndipo amjue mfadhili wake, matangazo yamtosha.

Matokeo yake yako wazi. Mwezi Machi 2010 mahakama ya rufani mjini Washington, ikiifuata hukumu hiyo, iliruhusu kamati zinazojitegemea kupokea michango isiyo na kikomo. Mwaka 2024 Elon Musk peke yake alitumia zaidi ya dola milioni 250 kumuunga mkono Donald Trump na wenzake, na mwaka 2025 akaingia Ikulu akiwa mshauri wa rais. Je, mwalimu au dereva wa lori wa Ohio ana ulimi wa urefu huo?

Hukumu hiyo hiyo, kwa majaji 8 dhidi ya 1, ilikubali sheria ya kuwataja wanaolipia matangazo. Lakini fedha nyingi hupitia jumuiya zisizolazimika kuwataja wafadhili wake. Mlango huo na uzibwe kwanza. Anayetaka asikike hadharani, naajulikane hadharani.