Eti niende Idara ya Kiswahili!

Jamani, kimya changu kimezidi, najua. Kuna walioniuliza kama bado niko chuo au nimeshaoa. Niko hapa hapa, napambana na pendekezo la utafiti ambalo jana limerudishwa kwa mara ya pili.

Kwa wageni: shahada ya kwanza nilisomea ualimu, masomo yangu Kiswahili na historia. Falsafa nimeihamia kwenye uzamili, baada ya kozi moja tu ya hiari kuniharibia usingizi. Mama mpaka leo anawaambia majirani nasomea sheria. Nimemwacha.

Aliyeniharibia usingizi ni John Mbiti. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Afrika, alidai kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao wa mbali. Alichambua vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, akaona mbele haviendi zaidi ya miaka miwili hivi. Kisha akachukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya nguzo za nadharia nzima. Sasa mimi najiuliza, aliyekopa hayo mawili, mbona kesho kutwa, mtondo na mtondogoo aliyaacha dukani?

Mtasema mtondogoo ni siku ya nne tu kutoka leo, si mbali hivyo. Sawa, nakubali, ndiyo maana nataka kulitafiti jambo hili, siyo kulipigia kelele tu. Lakini ile -ta- yetu haina ukuta. Nitakula jioni, vitukuu vyangu watakula nazi hizi: -ta- ni ile ile. Na mzee anayepanda mnazi mrefu anajua atasubiri miaka sita au zaidi kabla ya kuangua nazi ya kwanza. Huyo naye hana wakati ujao? Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga Mbiti kwa kutumia Kiakan. Na sisi ambao maneno yetu ndiyo yaliyokopwa, tujibu kwa lugha gani?

Kwa Kiingereza! Ndilo jibu nililopewa jana. Niliomba kuandika tasnifu kwa Kiswahili, mzee mmoja kwenye kamati akacheka: "Kijana, ukitaka Kiswahili nenda Idara ya Kiswahili." Eti. Wenzetu kule wanaandika tasnifu kwa Kiswahili na hakuna aliyekufa. Lakini mimi sichunguzi lugha, nachunguza wakati! Nikihamia Kiingereza, mtondo inageuka "siku tatu kutoka leo", hesabu tupu, halafu mtahini aniambie mfano wangu hauna uzito. Uzito si mmeniambia niuache mlangoni?

Na mzee huyo huyo kila muhula anamsifu Kezilahabi darasani. Kezilahabi tasnifu yake ya udaktari aliiandika kwa Kiingereza, Wisconsin, mwaka 1985. Baadaye akatupa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, riwaya zilizojaa falsafa, kwa Kiswahili. Yaani kwenye riwaya Kiswahili kinafikiri vizuri tu, kikifika kwenye tasnifu kinapata kigugumizi?

Nimepewa wiki mbili za kurekebisha. Nimebadilisha kichwa cha habari, hoja sijaigusa, na nitapeleka nakala mbili, moja kwa kila lugha, wasome zote. Mwenye printa anitafute, mfuko umetoboka.