Namba Tasa si Tasa

Huenda umepata kusikia, kivukoni Likoni au darasani mwako, maneno haya: "Namba tasa kubwa zina faida gani kwa mtoto wa Kisauni? Zaweza kununua samaki?" Maneno hayo huchekesha, lakini ni sumu. Mwanafunzi akiyaamini huufunga mlango wa hesabu kwa mkono wake mwenyewe.

Namba tasa ni ile izidiyo 1, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa nafsi yake. Jina limewadanganya wengi, wakadhani haizai kitu.

Itazame 2,147,483,647. Chukua 2 thelathini na moja, uzizidishe pamoja, kisha utoe 1, utaipata. Mwaka 1772 Leonhard Euler alithibitisha kuwa ni tasa. Hakuhangaika na kila namba hadi 46,340, kilipokomea kipeuo chake cha pili. Alijua kwamba kigawanyo chake chochote kilicho tasa, kama kingekuwapo, kingebakiza 1 kikigawanywa kwa 62. Kwa fikira hiyo alizitupa maelfu.

Faida yake sokoni ilikuwa wapi siku zile? Haikuonekana. Lakini mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walibuni njia ya kulinda siri: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi nyepesi, kuzitambua tena kutoka katika zao lake ni kazi ngumu mno. Mwaka 2009 nyaya mpya za mawasiliano za chini ya bahari zilifika Mombasa, na siri zipitazo katika nyaya kama hizo hulindwa kwa elimu ya namba. Karani wa mizigo Changamwe hutumia kufuli asiloliona, nalo lilifuliwa na watu wasiodharau namba tasa.

Wengine husema, "Basi tuiachie mashine." Nani ataifundisha? Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa iliyozidi zote zilizojulikana hadi siku ile: 2 zipatazo 136,279,841 zimezidishwa pamoja, ikatolewa 1. Tarakimu zake ni 41,024,320. Nakiri kwamba namba hiyo haifungi sanduku la mtu yeyote. Lakini mashine ingeigawa kwa namba moja moja isingemaliza kamwe. Ilithibitishwa kwa kanuni ya Lucas na Lehmer, iliyokamilika mwaka 1930, kabla ya kompyuta za umeme kuzaliwa. Mashine hukimbia; njia huonyeshwa na mtu.

Feri huvuka kwa kuwa yupo aliyekokotoa uzito iwezao kubeba. Je, wewe utakuwa abiria siku zote? Twaa kalamu. Zidisha 2 kumi na moja pamoja, utoe 1: utapata 2,047. Je, ni tasa? Kigawanyo chake kilicho tasa, kama kipo, kitabakiza 1 ukikigawa kwa 22. Tafuta mwenyewe, kisha umjibu yule wa kivukoni.