AFYA NYUMBANI: Homa ya Papasi

Iko homa ambayo humwacha mtu, akaamka, akala, akarudi shambani au mtumbwini, kisha baada ya siku chache ikamrudia kwa nguvu. Wako wanenao upesi kwamba ni malaria isiyotoka, au kwamba mgonjwa amerogwa. Huenda ikawa ni homa ya papasi.

Papasi ni kupe mwenye mgongo laini, akaaye katika nyufa za ukuta wa udongo na katika vumbi la sakafu. Usiku hutoka, akamnyonya aliyelala kwa muda mfupi, akarudi ufani. Asubuhi hakuna kupe wa kuonyesha. Aweza kukaa miaka bila kula. Zamani za misafara walijaa katika vibanda vya kulala wasafiri.

Ng'ambo ya Ziwa, katika Kongo, Dakta Dutton na mwenziwe Todd waliuchunguza ugonjwa huu. Wote wawili waliupata, naye Dutton akafa Kasongo, Februari 1905. Kijidudu chenyewe chaitwa kwa jina lake, Borrelia duttonii. Siku zile zile Robert Koch, mganga Mdachi, alikiona hata ndani ya mayai ya papasi; yaani mtoto huurithi ugonjwa kwa mama.

Basi, kwa nini homa hurudi? Kijidudu hiki ni kama uzi uliojipinda, nacho kimevaa vazi la protini. Mwili hulitambua vazi hilo, ukatengeneza silaha za kuliua, na homa ikapoa. Lakini wachache kati yao wamekwisha kubadili vazi. Silaha za kwanza haziwapati. Wakazaana kimya mpaka homa ikapanda tena. Mavazi ya akiba wanayo mengi, yameandikwa katika urithi wao. Mwaka 2008 wataalamu walitangaza kwamba wameusoma urithi huo wote, katika vijidudu vilivyotoka kwa mgonjwa wa Tanzania, wakaona kwamba kijidudu cha homa ya chawa, kijulikanacho sana Ethiopia, ni ndugu yake aliyepungukiwa na sehemu za urithi. Kwangu hilo ni ajabu kubwa.

Wanaoumia zaidi ni wajawazito, ambao huweza kuharibu mimba, na watoto wachanga. Dawa ya malaria haiponyi homa hii. Damu na itolewe wakati homa ingali kali, maana ikipoa vijidudu ni vigumu kuonekana kwa darubini. Nanyi waalimu, mwandikieni mgonjwa siku homa ilipoanza, ilipoacha na iliporudi, na nyumba aliyolala, apate kumpa daktari.

Dawa zake zipo, kama penisilini na tetrasaiklini, ingawa hii ya pili haimfai mjamzito. Ila baada ya dozi ya kwanza mgonjwa huweza kutetemeka na homa kuzidi kwa saa kadhaa, kwa sababu vijidudu vinakufa vingi pamoja. Kwa hiyo hutibiwa akiangaliwa hospitalini; wa nyumbani wasidhani amepewa sumu, wakamtorosha usiku.