Darasa la Honors: nani alisema si la watoto wetu?

Wandugu wasikilizaji, wale wa Goma na wale ambao jamaa zao walitoka kambini Nyarugusu ao Nakivale wakapelekwa Marekani, neno hili ni lenu. Katika sauti za WhatsApp tunasikia kila mara: "Mtoto amefika juzi tu, darasa la Honors awaachie Wamarekani." Mimi nakataa.

Honors si zawadi. Ni somo lile lile la Kiingereza la sekondari, lakini mwendo ni wa mbio na mzigo ni mzito. Wanasoma vitabu vizima. Mara nyingi ni Romeo and Juliet ya Shakespeare, Kiingereza cha miaka zaidi ya 400 ambacho hata Mmarekani kinamtoa jasho. Pengine ni Things Fall Apart ya Chinua Achebe, kitabu cha 1958: wazee wa kijiji, mashamba, wamisionari wanaofika. Hapo nani atahitaji kuelezwa, mtoto wa Masisi ao jirani yake?

Kitakachowashangaza ni kuandika. Kwetu mwalimu anajaza ubao, mtoto ananakili, siku ya egzamini anarudisha vile vile. Kule, kurudisha maneno ya mwalimu kunaleta pointi mbaya. Mtoto anatoa wazo lake, kisha analithibitisha kwa maneno yaliyo ndani ya kitabu. Atabishana na wenzake, na mwalimu atafurahi. Baba, usiseme amekosa adabu.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni mshauri wa shule anayeona neno "mkimbizi" kwenye karatasi na kufunga mlango. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau v. Nichols ya watoto wa Kichina wa San Francisco, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kuwaweka watoto darasani bila kuwasaidia lugha ni kuwanyima masomo. Haikusema kila mtoto aingizwe Honors, ni kweli, na yule anayesoma bado neno kwa neno angoje mwaka mmoja. Ila lugha isigeuzwe kufuli.

Mama, nenda shuleni, omba mkalimani, uliza: mtoto wangu alipimwa kwa nini? Uliza mapema. Shule nyingi zinapanga madarasa ya mwaka unaofuata mbele ya likizo kubwa. Ukifika mwezi wa nane, watakuambia viti vimejaa.