Pete za rezini: Glavu nazo ni mtaji

Kutengeneza pete za rezini nyumbani hakuhitaji karakana. Kalibu moja ya silikoni hutumika mara nyingi, na pete hula rezini kidogo. Lakini katika kupiga hesabu ya mtaji, glavu zisisahaulike. Rezini ya epoksi ikiwa mbichi, pamoja na kigumishi chake, huweza kuleta mzio wa ngozi, na ukishakupata kazi hiyo huiwezi tena.

Pima kwa uwiano ulioandikwa kwenye chupa. Ukikadiria kwa macho, pete hubaki ikinata. Rezini nyingi huhitaji saa 24 au zaidi kukauka barabara, hivyo usikimbilie kuuza. Mteja aliyewashwa kidole harudi. Tunashauri wajasiriamali wafungue madirisha, wavae glavu, na gharama hiyo waiingize kwenye bei.