Msamaha wa Dhiki Usiwe Jina Tupu



Katika misikiti yetu wamo wazee ambao watoto wao wamehamia Marekani. Hutokea simu ikaja usiku: kijana amelazwa, na hesabu ya hospitali imezidi mshahara wake wa mwaka. Mchango hupitishwa baada ya swala, na baadhi yetu hunong'ona, "Kwani hakuwa na bima?" Hukumu ya bima kifiqhi tunawaachia wanazuoni. Hapa tunataka kulijibu swali hilo la watu.

Sheria ya afya iliyotiwa saini na Rais Barack Obama mwezi Machi 2010 iliweka bima ya janga. Ada yake ya mwezi ni ndogo, lakini huanza kubeba mzigo pale tu gharama zinapokuwa kubwa mno. Aliye chini ya miaka 30 huinunua bila ya sharti la ziada. Aliyefikisha umri huo hana budi kwanza apate msamaha, ama kwa kuwa bima nyingine zimemshinda bei, ama kwa kuwa yumo katika dhiki.

Dhiki zinazokubaliwa ni pamoja na kukosa makazi, kutolewa katika nyumba, kupewa notisi ya kukatiwa umeme au maji, kufiwa na mtu wa karibu, kuunguliwa na nyumba, kufilisika na kulemewa na madeni ya matibabu. Mwombaji hujaza fomu na kuonyesha ushahidi wa hali yake. Akikubaliwa, hupewa namba ya msamaha, na kwa namba hiyo hununua bima. Tangu mwaka 2019 faini ya serikali kuu kwa asiye na bima imeshushwa hadi sifuri, lakini msamaha huu haukufa. Mwishoni mwa mwaka 2025 ulipanuliwa, kwa bima za mwaka 2026, uwafikie pia watu ambao kipato chao kinawanyima ruzuku.

Huo ndio mlango. Je, ndani mna nini? Katika mwaka 2025 mwenye bima hii alitakiwa kujilipia hadi dola 9,200 kabla ya bima kubeba gharama zake, isipokuwa huduma za kinga na ziara tatu kwa daktari wa kawaida. Tena ruzuku ya serikali ya kupunguza ada haitumiki katika bima hii. Basi aliyekatiwa umeme kwa kukosa dola mia mbili, hizo elfu tisa atazitoa wapi?

Atasema msemaji kuwa afadhali hiyo kuliko kukosa kabisa. Ni kweli: deni la dola elfu tisa hulipika kwa miaka, ilhali la laki moja humzika mtu angali hai. Hata hivyo, sisi tunaona kwamba sheria inayomthibitisha mtu kuwa ni mwenye dhiki, kisha ikamuuzia kinga asiyoweza kuifikia, haijamwondolea dhiki, imeiandikisha tu.

Kwa hiyo tunawausia walioko huko, na wazazi wawafikishie. Kwanza, mtu aulize kama anastahiki Medicaid, au bima yenye ruzuku, kabla ya kuikimbilia hii. Pili, asizitupe barua za madeni wala notisi. Karatasi anayoificha kwa aibu ndiyo shahidi wake. Tatu, wenye kujua lugha na fomu wakae na wenzao baada ya swala wawasomee barua hizo. Wengi hukosa haki zao kwa sababu bahasha haikufunguliwa.

Nasi huku tuache kunong'ona. Kijana aliyelazwa hakuwa mzembe lazima. Huenda alikuwa na bima, nayo ilikuwa bado haijaanza kulipa.

Wabillahi tawfiq.