Nguo Isomwayo Kama Barua
Vibao vya barabarani mjini Bautzen, mashariki mwa Ujerumani, vina majina mawili: hilo la Kijerumani, na Budyšin, jina la Wasorbi, Waslavi wachache wanaokadiriwa kuwa 60,000. Ndani ya ngome ya Ortenburg, juu ya mto Spree, limo jumba lao la makumbusho, Serbski muzej. Mgeni akitazama mavazi yaliyohifadhiwa humo ataona sketi pana, aproni na vitambaa vya kichwani, basi. Mwenyeji husoma mengi zaidi: mvaaji katoka vijiji vya upande gani, ni Mkatoliki au Mlutheri, kaolewa au bado, yuko harusini au msibani. Na zamani rangi ya msiba ilikuwa nyeupe! Ajabu ni kwamba kuna kitu kilichobaki cha kutunzwa. Mwaka 1937 Wanazi waliipiga marufuku Domowina, jumuiya ya Wasorbi iliyoasisiwa 1912, na baada ya vita machimbo ya makaa ya mawe yakameza vijiji kadhaa vya Lusatia, eneo la Wasorbi. Hata hivyo, kabati la kioo lina mipaka yake. Kitambaa kikubwa cha kichwani cha Lusatia ya Chini, kiitwacho lapa, hakivaliki kwa kuangalia picha. Kinataka kukunjwa na kubanwa kwa pini na mama anayejua. Jumba likitunza lapa, mikono hiyo nayo itunzwe, na wasichana waitwe wakae karibu wakati pini zinachomekwa.